Tusiyazike matamshi ya lahaja kwa ushahidi mbovu wa simu

Mwezi uliopita nililetewa rasimu ya tasnifu ya uzamili niisome kabla haijawasilishwa kwa watahini. Mada yake ilinivutia mara moja: hali ya vipasuo vyenye mpumuo katika Kimvita cha vijana wa Mombasa. Niliruka utangulizi, nikafungua sura ya matokeo kwa hamu. Humo mwandishi alihitimisha, pasi na kigugumizi, kwamba vijana hao hawatofautishi tena “paa” la nyumba na “paa” mnyama wa mwituni, wala “kaa” la moto na “kaa” wa baharini. Kwa maneno mengine, mpumuo umekufa. Kilichobaki ni kutandika mikeka ya matanga.

Nikarudi kwenye sura ya mbinu nijue maiti huyu alipimwa vipi. Data yote ilikuwa ujumbe wa sauti uliotumwa kwa simu. Mtafiti alikaa Nairobi, akawaandikia washiriki orodha ya maneno, nao wakajirekodi popote walipokuwa, wakatuma. Hakutaja aina ya simu walizotumia, umbali wa mdomo na maikrofoni, wala yale yaliyofanyiwa sauti kabla ya kumfikia. Nilipompigia kumuuliza, alinijibu kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi: “Lakini Prof, si sauti inasikika vizuri? Na hizo mashine za kurekodi ni ghali. Simu iko.”

Simu iko. Nusu ya jibu hilo ni kweli, na nusu ni hatari. Ni kweli simu iko, tena mkononi mwa karibu kila mtu tunayetaka kumsikiliza. Hatari ni kudhani kwamba kila sauti inayotoka kwenye simu ni ushahidi wa kifonetiki. Na tusimlaumu kijana peke yake. Rasimu ile ilikuwa imepita mikononi mwa msimamizi.

Katika mijadala yetu kuhusu jambo hili kuna kambi mbili. Ya kwanza ni ya wakongwe wanaotaka simu ipigwe marufuku kabisa: kama huna kinasa sauti cha kitaalamu na chumba kisichopitisha kelele, kaa nyumbani. Ya pili ni ya vijana wanaosema sauti ni sauti, mradi inasikika. Nadhani kambi zote mbili zinakosea, na kosa lao ni moja: zinajadili kifaa bila kuuliza swali la utafiti ni lipi. Simu inaweza kujibu baadhi ya maswali ya fonetiki vizuri kabisa. Mengine haiwezi. Mtafiti aliyeiva ni yule anayejua mpaka uko wapi.

Tuanze na mpumuo wenyewe, maana msomaji wa bara huenda hajawahi kuambiwa habari zake. Kiswahili sanifu tunachokiandika hakina alama yake. Mzawa wa Mombasa mwenye lahaja yake akitaja paa la nyumba, midomo huachana na irabu ikafuata papo hapo. Akimtaja paa mnyama, kati ya mpasuko wa midomo na irabu hupita pumzi fupi ya hewa. Weka karatasi nyepesi mbele ya mdomo wake utaiona ikitikisika. Tofauti hii si pambo, kwani ndiyo inayotenga neno na neno. W. E. Taylor, aliyechapisha kitabu chake cha methali za Waswahili mwaka 1891, alijitahidi kuonyesha sauti za aina hii katika maandishi. Mwaka 1942 A. N. Tucker na E. O. Ashton walizichambua katika makala yao kuhusu fonetiki ya Kiswahili. Hao hawakuwa na simu, walakini walikuwa na masikio yaliyofunzwa na wazungumzaji mbele yao.

Sasa, pumzi hiyo hudumu kwa muda gani? Makumi machache ya milisekunde, yaani sehemu ndogo mno ya sekunde. Tena ni sauti dhaifu. Haina mghuno na haina mdundo unaojirudia. Ukiitazama kwenye kompyuta inafanana na kelele, kama upepo au feni inayovuma pembeni. Kumbuka sifa hiyo, kwa kuwa ndiyo kiini cha kesi yetu.

Simu ya kisasa haikuundwa kwa ajili ya mwanafonetiki. Iliundwa ili wewe ukiwa ndani ya matatu uweze kuzungumza na mama yako aliye shambani, naye akuelewe. Kwa hiyo ina programu ndani yake zinazosafisha sauti. Moja hupunguza kelele: husikiliza kinachofanana na uvumi wa nyuma na kukififisha. Nyingine hurekebisha kiwango cha sauti: ukinong’ona inakupandisha, ukipaza inakushusha. Kwa mawasiliano hayo ni mambo mazuri. Kwa mpimaji wa sauti ni sawa na kupima uzito wa mtu huku mwingine akiinua ubao wa mizani kwa kidole. Programu ya kupunguza kelele haijui kwamba ile pumzi ndogo baada ya /p/ ndiyo inayomtenga mnyama na nyumba. Inaweza kuiona kuwa ni uchafu na kuifagia.

Baada ya hapo kuna kubanwa. Sauti iliyorekodiwa bila kubanwa, katika faili ya WAV yenye sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, huchukua takriban megabaiti 5 kwa dakika moja. Hakuna anayetaka kutuma mzigo kama huo kwa bando la shilingi ishirini. Ndiyo maana programu kama WhatsApp hubana sauti kwa mfumo uitwao Opus, mfumo stadi unaotupa vile ambavyo sikio la kawaida halitavikosa na kubakiza vinavyohitajika ili maneno yaeleweke. Kazi hiyo inafanywa vizuri sana. Lakini kinachotupwa hakirudi. Ukiipokea faili hiyo na kuigeuza kuwa WAV, unapata faili kubwa yenye sauti ileile iliyopunguzwa. Ni kama kukamua tui kwenye nazi, kisha ukamimina maji juu ya machicha ukitumaini tui litarudi lilivyokuwa.

Kuna kanuni nyingine ya msingi ambayo mwanafunzi yeyote wa fonetiki anapaswa kuijua kama anavyozijua ngeli. Rekodi ya kidijitali hubeba masafa hadi nusu tu ya idadi ya sampuli zake. Sampuli 44,100 hubeba hadi takriban hezi 22,000. Sampuli 16,000 huishia hezi 8,000. Simu ya kawaida ya mtandao wa zamani ilikuwa finyu zaidi, ikipitisha kati ya hezi 300 na 3,400. Nguvu kubwa ya sauti /s/ hukaa juu ya hezi 4,000, na kwa wanawake na watoto hupanda hata zaidi. Anayetaka kulinganisha /s/ na /sh/ za wasichana kwa data ya simu iliyopigwa analinganisha mabaki.

Chini nako kuna hasara. Fomanti ya kwanza, yaani kilele cha kwanza cha nguvu katika irabu, ndiyo hutudokezea kama ulimi uko juu au chini. Kwa irabu /i/ ya mwanamume mara nyingi huangukia karibu na hezi 300, palepale mlango wa simu unapofungwa. Mwaka 2004 watafiti Byrne na Foulkes wa Uingereza walilinganisha usemi uliorekodiwa moja kwa moja na usemi uliopitia simu ya mkononi, wakakuta fomanti ya kwanza imepanda kwa wastani wa asilimia 29. Msemaji hakubadilisha ulimi wake. Njia ya sauti ndiyo iliyombadilishia irabu.

Hebu lilete jambo hilo kwetu. Gĩkũyũ kina irabu saba, na mwandiko wake hutenganisha “i” na “ĩ”, “u” na “ũ”. Tofauti kubwa kati ya jozi hizo iko katika fomanti hiyohiyo ya kwanza. Dholuo nacho kina irabu tisa, na jozi zake zinazotengwa na nafasi ya mzizi wa ulimi hutegemea sana fomanti hiyo. Mtafiti anayepima irabu hizi kwa mazungumzo yaliyopitia mtandao wa simu anaweza kuja kutuambia kwamba vijana wa Nyeri wanaelekea kuchanganya “i” na “ĩ”. Ataleta grafu za rangi. Tutampigia makofi. Kumbe aliyechanganya ni mtandao.

Basi kambi ya wakongwe imeshinda? La hasha. Yako mambo yanayovumilia safari hii. Kidatu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, kwa kawaida hubaki salama hata sauti ikibanwa. Anayechunguza toni za Gĩkũyũ au kiimbo cha maswali katika Kiswahili anaweza kuitegemea simu kwa kiasi kikubwa. Muda wa sauti ndefu nao hupimika, ingawa mipaka huhitaji uangalifu. Chukua mfano wetu wa darasani, “barabara” ya magari na “barabara” yenye maana ya sawasawa. Ukitaka kuonyesha mkazo uko wapi kwa kupima kidatu na urefu wa silabi, simu itakusaidia. Ukitaka kuuonyesha kwa nguvu ya sauti, ilhali simu inapandisha na kushusha kiwango kwa hiari yake, umejenga juu ya mchanga.

Utafiti nao umezungumza. Mwaka 2011 Paul De Decker na Jennifer Nycz walilinganisha vifaa mbalimbali, simu ya iPhone ikiwemo, na wakaona inaweza kutosha kwa baadhi ya kazi za irabu, huku sauti iliyopitia video za mtandaoni ikipotoshwa. Mwaka 2021 Chelsea Sanker na wenzake walichapisha katika jarida la Language makala ndefu kuhusu vifaa na programu ambazo watafiti walizikimbilia wakati wa janga la korona. Somo lao kuu ni kwamba kila kifaa na kila programu huacha alama yake katika vipimo, na kwamba ni hatari kulinganisha wasemaji waliorekodiwa kwa njia tofauti. Ukiwarekodi wazee kwa kifaa kimoja na vijana kwa kingine, kisha ukute tofauti, umepima wazee na vijana, au umepima vifaa?

Swali hilo linaiangusha rasimu niliyoisoma. Washiriki wake walitumia simu zao wenyewe, kila mtu na yake. Mwingine alikuwa jikoni, mwingine barazani. Mwandishi anasema mpumuo haukuonekana kwenye spektrogramu. Sawa. Lakini kutoonekana kwake kuna angalau sababu mbili: vijana hawakuutamka, au waliutamka ukafagiwa njiani. Data yake haiwezi kuzitenga sababu hizo. Na kosa la kinyume lingewezekana pia. Mtu akiibandika simu mdomoni, hewa ya kila /p/ hupiga maikrofoni moja kwa moja, na hata “paa” la nyumba likaonekana lina mpumuo.

Nina lawama nyingine isiyohusu mashine kabisa, nayo huenda ndiyo nzito zaidi. Katika orodha yake, “paa” liliandikwa peke yake, mara mbili. Mshiriki angejuaje ni paa lipi? Isitoshe, kijana wa Mombasa akisoma neno kwenye karatasi, hasa akijua kwamba anayesikiliza ni mtu wa chuo kikuu Nairobi, hutoa matamshi ya shuleni. Kimvita chake anakiacha barazani. Angepewa picha ya mnyama aitaje, au sentensi inayomlazimu kumaanisha mnyama, tungekuwa na la kuzungumza. Hata studio ya thamani kubwa isingeiokoa orodha ile.

Kwa upande mwingine, hebu tuitetee simu, maana ina mema ambayo studio haina. Bibi wa miaka themanini kule Jomvu hatapanda basi hadi maabara ya chuo. Na hata akifika, akikalishwa mbele ya maikrofoni yenye sufi, atazungumza kama anayehutubia baraza. Nyumbani kwake, akiulizwa na mjukuu, husema lugha yake. Wenzetu wameshaona faida hiyo. Programu ya simu iitwayo Aikuma, iliyobuniwa na Steven Bird na wenzake, na baadaye Lig-Aikuma ya watafiti wa Grenoble, Ufaransa, zimetumika kurekodi lugha zisizo na maandishi mengi, zikiwemo lugha za Kibantu za Afrika ya Kati kama Mbochi cha Kongo-Brazzaville. Hapo simu ilifanywa kinasa sauti, ikawa na utaratibu wa kurekodi na kuhifadhi. Haikuwa tarishi wa kusafirisha sauti iliyokandamizwa.

Tofauti hiyo ndiyo ninayoisisitiza. Simu kama kinasa sauti ni jambo moja. Simu kama tarishi ni jambo jingine. Kifaa ni kilekile mkononi, lakini sauti inayobaki si ileile. Wala tusichanganye makusudi. Mradi kama Common Voice wa Mozilla, ambao watu wamejitolea kuupa sauti zao kwa Kiswahili, husambaza rekodi zake katika faili za MP3. Unafaa sana kuifundisha kompyuta itambue Kiswahili kikisemwa katika kelele na simu za kila aina. Lakini anayezichota rekodi hizo ili apime milisekunde za mpumuo ameenda sokoni kununua samaki akaingia duka la nguo.

Kwa mwanafunzi asiye na fedha, basi, nini kifanywe? Kwanza, tumia programu ya kurekodi inayohifadhi WAV, sampuli 44,100, biti 16. Zipo za bure. Saa nzima haifiki hata nusu gigabaiti. Pili, kama programu inakuruhusu kuzima upunguzaji wa kelele na urekebishaji wa kiwango, vizime. Tatu, weka simu katika hali ya ndegeni ili isilie katikati ya kazi. Nne, tumia simu moja kwa wasemaji wote, kwa umbali mmoja, pembeni kidogo mwa mdomo. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola itakusaidia zaidi kuliko simu mpya. Tano, tafuta chumba chenye mapazia na godoro, zima feni na friji, na chini ya mabati usirekodi mvua ikinyesha. Sita, kila neno lisemwe ndani ya sentensi, mara kadhaa, kwa mpangilio uliochanganywa. Saba, andika yote hayo katika sura ya mbinu, hata jina la simu. Ukihitaji kumtumia msimamizi wako faili, itume kama faili; usiibonyezee kitufe cha ujumbe wa sauti.

Na kabla ya kwenda nyanjani, fanya jaribio hili jioni moja. Mwombe mwenzako atamke orodha yako mara moja tu, huku simu mbili za aina moja zikiwa kando kwa kando. Ya kwanza irekodi WAV, ya pili irekodi ujumbe wa sauti. Fungua faili zote mbili katika Praat, programu ya bure iliyoundwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Tazama palepale panapofuata mpasuko wa /p/. Macho yako yatakufundisha kuliko makala hii.

Lipo pia suala la heshima. Sauti ya mtu ni mali yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inautaja utambuzi wa sauti inapoeleza maana ya data ya kibayometriki. Ujumbe wa sauti ni rahisi kusambazwa. Leo uko kwa mtafiti, kesho uko katika kundi la watu mia mbili wakichekelea lafudhi ya bibi wa watu. Idhini isiwe karatasi ya kutimiza masharti ya leseni ya utafiti ya NACOSTI pekee. Aeleweshwe sauti yake itakaa wapi na nani ataisikia.

Mbona niyafanye makubwa mambo haya? Kwa sababu tasnifu zetu husomwa na kunukuliwa. Leo mmoja ataandika kwamba mpumuo wa Kimvita umetoweka. Kesho mwingine atamnukuu bila kuuliza ulipimwa vipi. Keshokutwa mwandishi wa kitabu cha isimu ataamua hakuna haja ya kuutaja, na mtoto wa Mombasa anayeutamka ataambiwa na mwalimu wake kwamba anakosea. Ndivyo lahaja inavyoweza kuzikwa ingali hai. Hatari ya pili ni kubwa vilevile. Wazee wanaozihifadhi sauti hizi hawatatungoja. Rekodi tunayoifanya leo kwa uzembe huenda ikawa ndiyo pekee watakayokuwa nayo watafiti wa miaka hamsini ijayo.

Nilimshauri yule kijana mambo mawili. Sentensi isemayo mpumuo “umetoweka” aiondoe, mahali pake aseme tu kwamba haukuonekana katika data aliyo nayo, na aeleze kwa nini. Kisha, kama muda unaruhusu, arudi Mombasa na simu yake ileile. Alinung’unika kidogo, akasema, “Sawa, Prof.” Wiki jana alinitumia faili tatu za WAV zenye sauti ya mama mmoja wa Mji wa Kale akitaja wanyama katika picha, jogoo akiwika kwa mbali. Za vijana bado zinakuja. Huenda zikathibitisha kwamba mpumuo kweli unapungua. Zikithibitisha hivyo, safari hii nitamwamini.